"Counterpart": mpinzani, mwenza au mwenzake?

Dada mmoja wa Kondele, Kisumu, anayejifunza kazi ya utangazaji, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, hujambo. Nilipewa taarifa ya Kiingereza niitafsiri kwa habari za saa saba mchana. Ilisema gavana amekutana na 'counterpart' wake wa kaunti jirani kuhusu mafuriko. Nikaandika kwamba gavana amekutana na mpinzani wake. Mhariri akafuta, akaweka 'gavana mwenza'. Jioni mtangazaji mwingine alisoma habari ile ile akasema 'mwenzake'. Nimebaki njia panda. Neno hili lina maana gani hasa, na nitumie lipi wapi? Kamusi inanipa maneno matatu manne bila kunieleza."

Sijambo, dada, na nashukuru kwa swali. Aliyesema "mwenzake" ndiye aliyepatia. Wewe na mhariri wako mmekosea, kila mmoja kwa njia yake, na makosa yenu yote mawili nayakuta mara kwa mara katika kazi zinazoletwa kwangu nizihariri. Ndiyo maana sitaki kukujibu kwa sentensi moja.

Tuanze na lako, maana ndilo zito zaidi. Habari za saa saba husikilizwa na watu walio kwenye matatu, sokoni, hotelini wakisubiri chakula. Mtu wa Ahero ambaye maji ya mto Nyando yameingia nyumbani kwake, akisikia kwamba gavana wake amekutana na mpinzani wake, mafuriko yatamtoka kichwani. Atafikiria kura. Kwa Mkenya, "mpinzani" ni mtu mnayegombania naye kiti, au angalau mtu mliyegawanyika naye kisiasa. Basi majirani wawili waliokaa kutafuta njia ya kuzuia maji umewageuza mahasimu, na hilo haliko kabisa katika taarifa uliyopewa.

Najua kosa lilikotoka. Uliliona lile "counter" la mwanzo ukakumbuka maneno mengine ya Kiingereza yanayoanza hivyo, na mengi yana kupinga ndani yake: shambulio la kujibu shambulio, dai la kujibu dai. Asili yake ni contra ya Kilatini, ambayo kweli ina maana ya "dhidi". Lakini ina maana nyingine pia, ya kuelekeana. Nyumba mbili zinazotazamana, moja huku na moja ng'ambo ya barabara, hazigombani. Kila moja iko mkabala na mwenzake. "Counterpart" imetoka upande huo wa mkabala.

Historia yake inasaidia sana hapa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Neno hili Waingereza walilipata kupitia Kifaransa, na katika karne ya 15 lilikuwa neno la hati za kisheria: nakala ya pili inayolingana na ya kwanza. Uingereza ya zama za kati ilikuwa na njia yake ya kuzuia hati za kughushi. Karani aliandika maneno ya mkataba mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi ya mnyama iliyotayarishwa kwa kuandikia. Katikati ya maandishi hayo mawili aliandika neno kwa herufi kubwa. Kisha aliikata ngozi pale pale juu ya lile neno, kwa mkato wa mawimbi au wa meno meno kama ya msumeno, na kila upande ukachukua kipande chake. Ugomvi ukizuka, vipande vililetwa pamoja. Meno yakiingiana na nusu za herufi zikiungana, mkataba ni wa kweli. Yasipoingiana, kuna mtu amedanganya.

Vitazame vile vipande viwili vizuri. Penye jino kwenye kimoja, pana pengo kwenye kingine. Vinashikana kwa sababu havifanani ukingoni. Maana yote ya "counterpart" imo hapo: kitu kilicho upande wa pili, chenye nafasi inayolingana na ya hiki, ambacho ukikileta hapa viwili vinakamilishana.

Wala huhitaji kwenda Uingereza ya kale kuliona jambo hili. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye viatu vya mitumba. Muuzaji amefunga viatu jozi jozi kwa kamba zake visipotezane, lakini kuna kimoja kimechomoka. Mteja anakiokota, anakigeuza kutazama soli, anauliza: "Na mwenzake?" Muuzaji anainama, anaanza kuchakura rundo. Kilicho mkononi mwa mteja ni cha kushoto. Akiletewa kingine cha kushoto, hata kiwe rangi ile ile na namba ile ile, atakirudisha. Anataka cha kulia. Na angalia: neno lililomtoka mteja mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ni "mwenzake".

Sasa twende kwa mhariri wako. "Mwenza" ni neno zuri, na Wakenya wanalijua kutokana na uchaguzi. Mgombea urais ana mgombea mwenza, na anayetaka ugavana vilevile ana wake. Wawili hao wako kwenye karatasi moja ya kura, chama kimoja au muungano mmoja, wanachaguliwa kwa kura moja. Kamati yenye wenyeviti wawili tunasema ina mwenyekiti na mwenyekiti mwenza. Kwa hiyo "mwenza" likifuata jina la cheo, linamaanisha watu wawili wanaogawana jambo moja. "Gavana mwenza" angekuwa gavana wa pili wa kaunti ile ile, na Kenya yenye kaunti 47 haina hata moja yenye magavana wawili. Mhariri alihisi sawasawa kwamba kuna ushirika kati ya watu hawa, ila akawatia chungu kimoja wakati kila mmoja ana jiko lake.

Kuna mtego mwingine ambao haukuwanasa, lakini nataka uujue kwa sababu umewahi kuwaumiza watu. Ni tofauti kati ya "mwenzake" na "mwenzi wake". Ukiziandika kwenye karatasi zinaonekana kama kitu kimoja, kimoja kimefupishwa na kingine hakijafupishwa, na mwalimu wa sarufi anaweza kukuambia hivyo hivyo. Masikioni mwa watu zimekwisha kuachana. "Mwenzake" ni yeyote aliye katika hali moja naye: anasoma naye, anafanya kazi naye, ana cheo kama chake. "Mwenzi wake" siku hizi ni mke wake au mume wake.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria warsha ya biashara ya mpakani mjini Busia. Barua ya mwaliko, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza na ofisi ambayo siitaji, ilimwomba kila afisa aje "na mwenzi wake wa upande wa Uganda". Mama mmoja aliyetoka Bungoma alikuja na mumewe. Maneno "wa upande wa Uganda" aliyaona akadhani yanawahusu wale waliooa au kuolewa ng'ambo. Bwana yule alikuwa ameacha kazi yake siku hiyo ili aitikie mwaliko. Hakuwa na kiti ndani, hakuwa na jina kwenye orodha, akakaa nje chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka tulipotoka. Mama alikuwa na aibu ambayo haikumstahili, maana barua aliisoma kwa Kiswahili sahihi kuliko aliyeiandika. Tangu siku hiyo, popote ninapoona "mwenzi wake" katika tafsiri ya "counterpart", naifuta bila kusubiri.

Basi "mwenzake". Lakini peke yake haitoshi, na hapa ndipo watafsiri wengi wanapoishia nusu ya safari. Ukisema "gavana alikutana na mwenzake", msikilizaji anabaki na swali: mwenzake yupi? Rafiki yake? Mtu wa chama chake? Hata bungeni wabunge huitana "mheshimiwa mwenzangu", na hapo wanamaanisha tu kwamba wako katika nyumba moja. Methali inayosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji haikuwaza cheo chochote. Inamsema yeyote aliye katika hali kama yako. Neno letu ni pana kuliko la Kiingereza. Kinachobana maana yake ni ile "wa" inayofuata: mwenzake wa Nandi, mwenzake wa Uganda, mwenzake wa upande wa mashtaka. Ukitaja upande wa pili, msikilizaji anajua mara moja kwamba unamsema mtu mwenye nafasi ile ile kule. Usiiache hiyo "wa" kamwe.

Na kwa kuwa uko redioni, chunga umoja na wingi, kwa sababu Kiswahili kinahesabu pande zote mbili. Gavana mmoja na mwingine mmoja: mwenzake. Gavana mmoja na wengine kadhaa: wenzake. Magavana kadhaa na mmoja: mwenzao. Wengi kwa wengi: wenzao. Tume ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake hapa hapa Kisumu, na kila kunapokuwa na kikao kikubwa utaandika kuhusu wataalamu wa Kenya na wenzao wa Uganda na Tanzania. Nimesikia mtu akisema hewani "waziri alikutana na wenzao". Wenzao wa nani? Waziri ni mmoja, basi ni wenzake.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo lisiloandikwa kwenye kamusi. "Counterpart" ni neno la nafasi. Kabla ya kulitafsiri, jiulize: nafasi ya mtu huyu ni ipi, na upande wa pili kuna nafasi kama hiyo kweli?

Pale Busia mpakani jibu ni rahisi. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, dereva wa lori anayetoka Kenya hasimami pande mbili. Anavuka, anamalizia karatasi zake upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wamo katika jengo moja. Wa Kenya anamtoa, wa Uganda anamwingiza. Kazi ya mmoja ni jino, ya mwingine ni pengo. Hao ni wenzao kwelikweli, na sentensi "afisa wa forodha alimpa mwenzake wa Uganda zile karatasi" haina doa.

Toka hapo uende ofisi za utawala, mambo yanaanza kuteleza. Kaunti ya Busia ya Kenya ina gavana. Wilaya ya Busia ya Uganda ina mwenyekiti wa wilaya. Wote wawili wamechaguliwa na wananchi, wote wanasimamia eneo lao, ingawa madaraka yao hayafanani. Hapo bado ningekubali "mwenzake", mradi cheo cha mgeni kitajwe: gavana wa Busia na mwenzake wa ng'ambo, mwenyekiti wa wilaya. Lakini sogea Tanzania. Mkoa wa Mara una mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, hapigiwi kura. Gavana wa Migori akikutana naye, je, ni mwenzake? Taarifa ya Kiingereza itasema "counterpart" bila kusita. Mimi ningeandika "gavana wa Migori na mkuu wa mkoa wa Mara" nikaacha msikilizaji aone mwenyewe. Kiswahili cha nchi hizi mbili kinaelewana vya kutosha. Hakuna haja ya kumficha mkuu wa mkoa nyuma ya neno "mwenzake".

Makosa mabaya zaidi hutokea juu kabisa. Rais wa Kenya akikutana na kiongozi wa serikali ya Ethiopia, huyo ni Waziri Mkuu. Ethiopia ina rais pia, ila si yeye anayeongoza serikali. Ukisema "Rais amekutana na mwenzake wa Ethiopia", umemtaja mtu mwingine kabisa ambaye huenda siku hiyo alikuwa nyumbani kwake Addis Ababa. Na kuna nafasi zisizo na upande wa pili hata kidogo. Kenya ina Seneti. Uganda na Tanzania kila moja ina bunge lenye nyumba moja tu. Ukiambiwa seneta wa Kakamega amekutana na "counterpart" wake wa Uganda, weka kalamu chini, uliza alikutana na nani. Pengine ni mbunge wa kamati fulani. Andika hivyo.

Nimezungumzia watu tu. Vitu navyo vina wenzao, lakini Kiswahili cha kuandika hakipendi kusema "mwenzake" kwa kitu kama muuzaji wa viatu anavyosema. Ukilazimika, tumia kitenzi: kinacholingana nacho, inayofanya kazi kama hiyo. Kwa maneno tuna istilahi ya wanaisimu, kisawe: neno la lugha hii linalobeba uzito sawa na la lugha ile. Ukiulizwa kisawe cha "counterpart" kwa Kiswahili, jibu la kweli ni kwamba hakipo kimoja, na ndiyo sababu kamusi yako imekupa vinne. Haikukosea. Imeshindwa tu kukuonyesha kila kimoja kinakaa wapi, na kamusi ya kutia mkobani haina nafasi ya kufanya hivyo.

Mara nyingi, dada, dawa ni kuliacha neno lenyewe. Waandishi wa Kiingereza wana tabia ya kukwepa kurudia jina, kwa hiyo "counterpart" wanaitumia kama kiwakilishi tu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakitoka, utapewa taarifa kwamba wasichana wamewapita "counterparts" wao wa kiume. Watangazaji wetu karibu wote husema "wenzao wa kiume". Si kosa la sarufi. Lakini Kiswahili kina neno wavulana, na wasichana wamewapita wavulana. Msikilizaji wa Nyamasaria amekuelewa, na umeokoa pumzi. Ukiambiwa dawa fulani ni nafuu kuliko "counterpart" yake yenye jina la kampuni, sema: dawa hii ni nafuu kuliko ile yenye jina la kampuni, na zote zinatibu kitu kimoja. "Ile" na "zile" zinafanya kazi hii siku zote, bila makeke.

Kuna matumizi matatu ya ofisini ambayo utakutana nayo, niyapitie haraka. La kwanza ni la mawakili. Ukikodi chumba cha biashara Nakuru au Kisumu, mwenye nyumba anaweza kutia sahihi karatasi moja na wewe ukatia sahihi nyingine yenye maneno yale yale, na mwishoni pana kifungu kinachosema mkataba unaruhusiwa kusainiwa kwa "counterparts". Hapo usiguse "mwenzake" kabisa. Sema: kila upande unaweza kutia sahihi nakala yake, na nakala zote pamoja ni mkataba mmoja. Utaona tumerudi kwenye ile ngozi iliyokatwa.

La pili ni la miradi ya wafadhili: pesa za "counterpart". Hii ni sehemu ya gharama ambayo serikali yenyewe au kaunti inatoa ili ikae kando ya pesa za mfadhili. Andika "mchango wa kaunti katika mradi". Nimeona mahali pameandikwa "fedha za mwenzake", na sijui mwananchi aliyeisoma alielewa nini. La tatu ni la miradi hiyo hiyo, pale mtaalamu anapoletwa kutoka nje na kupewa mwenyeji wa kufanya naye kazi ili aachiwe ujuzi. Huyo mwenyeji nao humwita "counterpart". Ningesema "afisa mwenyeji anayefanya kazi na mtaalamu huyo". Ni maneno mengi kidogo, lakini yanamweleza mtu kwa heshima anayostahili. Yeye ndiye atakayebaki na mradi wageni wakiondoka.

Usichanganye pia na neno la benki linalofanana nalo, "counterparty", ambalo ni upande wa pili katika biashara au mkataba. Huyo wa benki anaweza kuwa mnunuzi na wewe muuzaji, nafasi zenu tofauti kabisa.

Ukishasema "mwenzake" mara moja katika habari, sentensi inayofuata irudie jina au cheo. Chukua mfano huu: "Gavana wa Kisumu alimwambia mwenzake wa Nandi kwamba kaunti yake itachimba mitaro." Kaunti ya nani? Kwenye gazeti mtu atarudi nyuma asome tena. Redioni maneno yameshapita, na mtu wa Ahero anataka kujua ni nani anachimba.

Kwa hiyo habari yako ningeiandika hivi, ukiondoa mfano wangu na kuweka majina yaliyo katika taarifa yako: "Gavana wa Kisumu leo amekutana na mwenzake wa Nandi kuzungumzia mafuriko ya mto Nyando. Viongozi hao wawili wamekubaliana kwamba Kisumu ichimbe mitaro upande wa Ahero, na Nandi ipande miti kwenye miteremko ya juu." Isome kwa sauti kabla ya kuingia studio. Kama hakuna mahali ulimi umesita, iko tayari.